Kuanza Kukimbia Dar Bila Kuishia Kuchechemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaojiunga na kikundi chetu cha jogingi huku Kinondoni. Wengi huja Januari, baada ya pilau za sikukuu. Wengine huja wiki mbili kabla ya mbio ambazo ofisi imeshawalipia fulana. Wanakuja na raba mpya na hamu kubwa, na kufika wiki ya tano baadhi yao hatuwaoni tena. Ukiwapigia simu wanakuambia mguu. Mimi si daktari. Ni mtu aliyeumia, akapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akauliza maswali mengi kuliko mgonjwa wa kawaida, kisha akaanza upya. Tangu hapo nimepewa kazi ya kukaa nyuma na wageni.

Shule ya msingi nilikimbia mchakamchaka kila asubuhi na sikuwahi kuumia. Mbona sasa?

Wakati ule ulikuwa na kilo thelathini, ulitembea kwenda shule na kurudi, na jioni ulicheza rede au kombolela mpaka uitwe kuoga. Miguu ilikuwa kazini siku nzima, mchakamchaka ulikuwa nyongeza ndogo tu. Siku hizi unatoka kitandani unapanda daladala, unakaa dukani au ofisini saa nane, unarudi umekaa tena kwenye foleni. Halafu Jumamosi moja unaitaka miguu hiyohiyo ikubebe kilomita sita.

Mwili haujifunzi wote kwa mara moja. Moyo na mapafu huitikia mapema, ndani ya wiki chache tu unaona pumzi hazikatiki kama siku ya kwanza. Misuli huja nyuma yake. Kano na mifupa huchukua miezi. Mfupa uliopewa kazi mpya hufanya kama fundi anayekarabati nyumba: anabomoa kwanza pale palipochoka, ndipo anajenga imara zaidi. Ukimpandishia mizigo darini wakati ukuta bado uko chini, nyumba inapata ufa.

Kwa hiyo usiogope sana wiki ya kwanza. Ogopa ya tatu, ya nne na ya tano. Hapo pumzi zimeshakuja, unajiona umeiva, na ugoko bado mbichi.

Nianze na kiasi gani hasa?

Kama huwezi kutembea nusu saa kwa mwendo wa mtu anayewahi basi la mwendokasi bila kuchoka, anza kwa kutembea tu wiki tatu au nne. Ukishaweza, chukua siku tatu kwa wiki zisizofuatana, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Wiki mbili za kwanza kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Utajisikia unachekesha, na jirani atakuuliza mbona umeshachoka. Mwache. Wiki ya 3 na ya 4 kimbia dakika 2 na tembea 2, mara 7. Wiki mbili zinazofuata kimbia 4 na tembea 2, mara 5. Kisha 8 kwa 2, mara 3, mpaka kwenye wiki ya 9 au ya 10 uweze dakika 25 mfululizo. Wiki ikikushinda, irudie. Hakuna mwalimu wa zamu.

Pima kwa dakika, usipime kwa kilomita. Ukipima kilomita utataka kumaliza haraka. Na chunga sana ile mbio moja ndefu ya ghafla: mtu amekimbia kilomita tatu tatu mwezi mzima, kisha rafiki anamwita Jumapili "tukanyooshe kidogo", wanarudi wamepiga kumi. Siku moja ya namna hiyo inatosha kukuharibia miezi miwili.

Mwendo gani?

Mwendo wa kuitikia wimbo. Vikundi vya jogingi vya Dar vinakimbia vikiimba, na wengi wanadhani ni mbwembwe za Jumapili asubuhi. Kumbe ni kipimo kizuri kuliko saa ya mkononi. Kiongozi akiimbisha na wewe huwezi kuitikia bila kukata maneno, unakwenda kasi kuliko mwili wako unavyotaka leo. Ukiwa peke yako, jaribu kumsimulia mtu mechi ya Simba na Yanga kwa sentensi nzima nzima.

Najua kuna wanaomtaja Filbert Bayi, jinsi alivyoongoza mita 1500 tangu mwanzo pale Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Ni kweli, na alikuwa Bayi. Kama unataka wa kuiga, afadhali umtazame Alphonce Simbu kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025: saa mbili na zaidi amejificha ndani ya kundi, na medali ya dhahabu akaichukua kwenye utepe kwa tofauti ya picha.

Ugoko unaniuma. Niendelee?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi. Maumivu ya ugoko kwa mkimbiaji mpya mara nyingi huwa upande wa ndani wa mfupa, nusu ya chini. Yanaanza ukianza kukimbia, pengine yanapoa mwili ukipata joto, kisha yanarudi ukishatulia. Ukipitisha vidole unasikia uchungu umetandaa kwenye eneo refu kama upana wa kiganja au zaidi. Hayo yanatokana na mfupa na nyama zilizoushika kupewa kazi nyingi mapema mno. Punguza nusu ya ulichokuwa unafanya, acha mbio za kasi na za kushuka mteremko, tembea zaidi, na barafu ya mfuko ya mia mbili iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 mpaka 15, itakutuliza. Wiki mbili tatu zikipita utaona tofauti.

Kuna ndugu yake mbaya zaidi. Ukibonyeza na kidole kimoja ukakuta sehemu moja tu, ndogo kama sarafu, inayokufanya uruke. Maumivu yanazidi kila ukikimbia badala ya kupoa. Yanakuuma hata ukitembea kwenda dukani au ukilala usiku: hapo inawezekana mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia siku hiyohiyo na umwone daktari. Na ujue kwamba eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kutoka safi wakati ufa upo, kwa hiyo picha nzuri si ruhusa ya kurudi barabarani kama bado kunauma palepale.

Yangu yalianza na aina ya kwanza. Wiki ya tano niliwafuata wenye uzoefu mpaka Daraja la Tanzanite, tukalivuka, tukageuza. Daraja lenyewe ni kilomita moja na kidogo tu, lakini kulifikia na kurudi Kinondoni ni habari nyingine. Nilijisikia shujaa. Wiki iliyofuata nikarudia, na ya tatu nikarudia tena ugoko ukiwa unapiga kelele. Nilikaa nje wiki saba, na wiki hizo zote nilikuwa napita kwenye daladala nikiwatazama wenzangu dirishani.

Goti linauma nikishuka ngazi. Kukimbia kunakula goti?

Hapana, kukimbia kwa kiasi hakuli goti. Wanaokimbia kwa afya yao hawaugui magoti ya kusagika kuliko wanaokaa tu. Kinachouma kwa wageni wengi ni nyuma au kuzunguka pia ya goti: ukishuka ngazi, ukichuchumaa chooni, ukikaa muda mrefu kwenye kiti cha daladala cha dirishani magoti yamebana. Pia ya goti inatakiwa iteleze vizuri kwenye njia yake. Paja na nyonga zikiwa dhaifu, au ukiongeza kazi ghafla, sehemu hiyo inawaka.

Fanya mambo mawili. Kwanza, fupisha hatua. Watu wengi warefu hutupa mguu mbele, kisigino kinapiga chini goti limenyooka, na kishindo chote kinapanda juu. Hatua iwe fupi zaidi na ya haraka kidogo, mguu utue karibu chini ya kiwiliwili chako. Ukisikia raba zinapiga "pa! pa!" kama ndala kwenye sakafu, bado. Pili, imarisha mapaja na makalio, nitakuja huko.

Maumivu ya upande wa nje wa goti, yale yanayokuja kila ukifika dakika ileile, mara nyingi ni ule utepe mrefu wa kano unaoshuka kutoka nyongani. Dawa yake inafanana: punguza, epuka miteremko kwa muda, imarisha nyonga. Goti lililovimba, linalokwama au linalolegea ghafla si la kujitibu nyumbani.

Asubuhi nikikanyaga chini kisigino kinachoma kama msumari, baadaye kinapoa. Ni nini?

Mara nyingi ni ule utando mgumu wa wayo, unaotoka kisigino kwenda vidoleni, umechoshwa. Usiku unajikunja, na hatua za kwanza zinauvuta. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, shikilia, rudia mara kumi. Bingirisha wayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa. Usitembee peku kwenye vigae nyumbani kwa wiki kadhaa, na zile ndala zilizokwisha mpaka unaona sakafu, zitupe. Huu ni ugonjwa wa subira, unaweza kuchukua miezi. Ukiuma nyuma, juu ya kisigino, ni kano, na kano haipendi kuvutwa kwa nguvu wala haipendi kukaa bure kabisa. Ipe kazi ndogo, polepole.

Nitatofautishaje uchovu wa kawaida na jeraha?

Uchovu huja pande zote mbili, kwenye nyama, unazidi kesho yake au keshokutwa, na ukitembea unapungua. Jeraha huchagua mguu mmoja, mahali pamoja, kwenye kiungo au mfupa, na linazidi ukiendelea. Kipimo changu: maumivu yakinibadilisha mwendo, yaani ninachechemea hata kidogo, nimemaliza kwa siku hiyo, hata kama nimebakiza mtaa mmoja. Kuchechemea kunahamisha mzigo kwenye mguu mzima, na huo nao ukaumia utabaki na nini?

Nimeteguka kifundo. Mama anataka anikande na maji ya moto, na kuna mzee mtaani anachua. Nikubali?

Hapa nawaudhi wazazi wengi, naomba radhi. Mguu ulioteguka leo una mishipa midogo ya damu iliyochanika ndani. Ukiukanda na maji ya moto damu inazidi kwenda pale, uvimbe unaongezeka. Ukiuchua na kuuvuta unachana kilichobaki. Siku mbili tatu za kwanza weka barafu, funga bendeji ya kunyumbulika isiyobana mpaka vidole vife ganzi, na inua mguu juu ya mto. Kuanzia siku ya pili au ya tatu anza kuuchezesha polepole: chora herufi za alfabeti hewani kwa kidole gumba. Ukikaa wiki tatu umeufungasha tu, utakuwa mgumu na dhaifu, na utateguka tena.

Maji ya uvuguvugu na mikono ya mama vina nafasi yake baadaye, uvimbe ukishaisha na nyama zimekaza. Hata kwa faraja tu.

Nenda hospitali kupigwa picha kama huwezi kupiga hatua nne, hata za kuchechemea, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, ncha na ukingo wa nyuma, unauma sana. Si lazima ukimbilie Muhimbili. Taasisi ya mifupa pale, MOI, hupokea wengi wa rufaa. Anzia kituo cha afya cha karibu au hospitali ya mkoa, kama Mwananyamala, Amana au Temeke.

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa, na nusu ya kikundi chetu wamevaa za soko la Karume. Ila mtumba unasomwa. Igeuze uangalie soli: ikiwa imelika upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza aliegemea huko, na wewe itakuegemeza hukohuko. Iweke juu ya meza usawa wa macho uone kama imeinama. Bonyeza povu la kisigino kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama sabuni ya mche, limekufa, hata kama juu inang'aa. Kunja mbele: raba ya kukimbia hukunjika penye vidole, haikunjiki katikati kama chapati. Gundi nayo huzeeka, na mtumba uliokaa stoo miaka unaweza kukuachia soli barabarani mita mia kutoka nyumbani.

Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo na joto la mchana, na acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kucha nyeusi hutokana na kubanwa. Jaribu kukimbia hatua ishirini palepale kati ya meza za wauzaji; watacheka, watakuzoea. Raba mpya za bei ndogo zenye nembo ya kughushi mara nyingi zina soli ngumu, bora mtumba halali. Wala bei kubwa si kinga. Kinachofaa ni kile ambacho mguu wako unakisahau ukiwa umekivaa. Baada ya kilomita 500 mpaka 800 soli imechoka, ibadilishe. Na usianike raba kwenye jua kali la mchana.

Je, nikikimbia peku kama wazee wetu?

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Rome mwaka 1960 akiwa peku. Nyayo zake zilizoea hivyo. Zako zimeishi ndani ya viatu, na njia zetu zina vipande vya chupa. Dakika chache kwenye nyasi safi, sawa.

Wapi pazuri pa kukimbilia?

Swali zuri kuliko la raba, kwa maoni yangu. Kila mtu anawaza Coco Beach, na kila mtu anadhani mchanga ni laini kwa hiyo hauumizi. Mchanga mkavu unazama, kisigino kinashuka chini kuliko vidole, na kano na misuli ya nyuma ya mguu inafanya kazi maradufu. Nimeona wengi wakipata maumivu ya kano kwa "mazoezi laini" ya ufukweni. Kama unaupenda mchanga, subiri maji yapwe, kimbia pale palipolowa na kukaza, dakika kumi tu mwanzoni. Na kwa kuwa ufukwe umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja uko bondeni muda wote. Geuza njia urudi ulikotoka ili usawazishe.

Lami ya barabara nayo imeinama kuelekea mtaroni ili mvua iteremke, kwa hiyo ukikimbia pembeni kabisa siku zote unapata tatizo lilelile. Njia za watembea kwa miguu zenye matofali ni nzuri, mpaka ukutane na tofali lililotoka au mfuniko wa mtaro ulioibwa. Mtu anayekimbia saa 11 alfajiri bila tochi anacheza kamari na kifundo chake. Viwanja vya shule na vya mpira vya mtaani vina ardhi nzuri. Omba ruhusa, angalia mashimo. Vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani ni vitamu kwa walioiva, wewe bado: kupanda kunachosha, kushuka ndiko kunakoumiza.

Magari yetu yanapita kushoto, hivyo wewe kimbia kulia, uyatazame yanayokuja. Bodaboda hazina kushoto wala kulia, kwa hiyo acha sikio moja wazi. Wakati wa masika, maji yaliyotuama barabarani usiyapite. Huwezi kujua chini kuna shimo la ukubwa gani, na soksi iliyoloa maji machafu inaleta malengelenge na fangasi.

Joto la Dar nalifanyaje?

Kuanzia Desemba mpaka Machi hewa ina unyevu mwingi, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kimbia alfajiri au jua likishazama, na punguza mwendo bila aibu. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea. Kunywa maji kadiri ya kiu, kabla na baada. Hakuna haja ya kubugia lita mbili kwa mkupuo. Maji mengi kupita kiasi nayo yanadhuru. Dafu baada ya mbio ni zuri, na ni sababu tosha ya kukimbia.

Mwenzako akianza kuyumba, kuongea yasiyoeleweka au kutapika, hiyo si kuchoka. Mtoe juani, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na gari la hospitali litafutwe wakati mnaendelea kummwagia.

Michubuko ya mapaja na kwapa: mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Wanaume, na chuchu pia. Mtakumbuka siku fulana nyeupe itakapotoka na damu.

Ninyooshe viungo kabla?

Kile cha kusimama umeshika mguu nusu dakika, kabla ya mbio, hakijaonekana kuzuia majeraha kama tulivyofundishwa. Badala yake tembea haraka dakika tano, bembeza miguu, nyanyua magoti, kisha anza polepole. Kunyoosha weka baadaye kama unapenda.

Basi nini kinazuia?

Kupanda taratibu, kama nilivyosema, na miguu yenye nguvu. Mara mbili kwa wiki, robo saa, hapohapo nyumbani. Simama ukingoni mwa ngazi, nyanyua visigino, shusha polepole. Mara 12, ukizoea fanya kwa mguu mmoja. Chuchumaa na kusimama kama unayekaa kwenye kigoda. Lala chali magoti yamekunjwa, nyanyua kiuno. Lala ubavu, inua mguu wa juu. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Huu hausahauliki kwa sababu mswaki hausahauliki. Na lala usingizi wa kutosha. Mfupa unajengwa umelala.

Nikimeza dawa ya maumivu kabla ya kukimbia?

Usifanye hivyo. Diclofenac na ibuprofen zinanunuliwa kirahisi kama pipi, lakini zinakuzibia kengele, na ukichanganya na joto na upungufu wa maji zinazitesa figo. Kama unahitaji kidonge ili ukimbie, leo si siku ya kukimbia.

Nikibanwa na kichomi ubavuni katikati ya mbio?

Punguza mwendo, pumua nje kwa nguvu, bonyeza pale. Usile sahani nzima ya wali saa moja kabla.

Mwezi wa Ramadhani niache?

Si lazima. Wengi wetu tunatoka dakika 30 hivi kabla ya magharibi, mbio nyepesi, tunarudi kwenye maji na tende. Wengine baada ya tarawehe. Mwezi huo ni wa kushikilia ulichonacho, usiongeze dakika wala kasi. Usingizi wa daku ni mfupi na miguu inalijua hilo.

Nimejifungua miezi miwili iliyopita. Naruhusiwa?

Bado, dada. Tembea kwanza. Ngoja angalau wiki 12, zaidi kama ulipasuliwa au unasikia uzito chini. Mkojo ukikuponyoka ukikimbia si jambo la kuona haya wala la kuvumilia. Misuli ya chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, inahitaji mazoezi yake na wataalamu wa fiziotherapia wanayajua. Sidiria ya mazoezi inayoshika ni muhimu sawa na raba. Na kwa wanawake wote: hedhi ikikatika miezi mitatu na huna mimba, kwa mtu aliyeongeza mbio na kupunguza chakula, ni dalili kwamba mwili haupati cha kutosha. Mifupa ndiyo inayolipa. Muone daktari, na ule.

Nina kilo 105, presha, na miaka 52. Nimechelewa?

Shikamoo, na hapana. Pima presha na sukari kwanza, mwambie daktari unachotaka kufanya. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ukipanda ngazi yasemwe hapo, yasifichwe. Kisha tembea miezi miwili kabla ya dakika ya kwanza ya kukimbia. Mwenye kisukari akague nyayo kila akirudi, kwa sababu lengelenge asilolisikia linaweza kuwa kidonda.

Lakini John Stephen Akhwari alimaliza na goti bovu!

Alimaliza. Mexico City, mwaka 1968, alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza limeshaingia. Tunamheshimu mpaka leo. Lakini alikuwa mkimbiaji aliyeiva, kwenye Olimpiki, siku moja katika maisha. Wewe una mbio za kilomita tano za hisani, na nyingine kama hizo zipo mwezi ujao. Fulana utapewa hata usipokimbia.

Nimepumzika wiki tatu, hakuumi tena. Nirudi pale nilipoishia?

Tembea kwanza dakika 30 kwa mwendo wa haraka, siku mbili tofauti. Kisha simama kwa mguu ulioumia, ruka mara kumi palepale. Kusipouma, rudi hatua mbili nyuma kwenye ratiba, kama ulikuwa kwenye 8 kwa 2 anzia 2 kwa 2. Usiamue siku hiyohiyo kama mambo ni shwari. Amua kesho yake asubuhi, ukiweka mguu chini kutoka kitandani: kukiwa kimya, endelea, kukigoma, rudi hatua moja tena, na Jumapili utatukuta sisi wa nyuma bado tunatembea.